Jina Langu Lilifanya Kazi Bila Mimi

Siku hiyo kompyuta ilitoa ushahidi kwamba niko kazini, nachapa kodi kwa kasi ya ajabu.

Wakati huohuo mimi nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, nusu ya uso imekufa ganzi.

Sasa niambie wewe, nani alikuwa anafanya kazi yangu?

Ngoja kwanza nieleze. Mimi naandika programu. Yale maandishi tunayoipa kompyuta ili ifanye kazi, wenyewe tunayaita kodi. Mama yangu mpaka leo anadhani natoza watu kodi, na majirani wameanza kumwogopa.

Ofisini tulikuwa watatu, wa nne bosi. Tulikuwa tunatunza mfumo wa kupanga foleni ya wagonjwa wa hospitali. Mkataba ulikuwa mkali: ukimpa mtu mwingine funguo zako za kuingilia, umemwaga unga siku hiyohiyo. Na kila badiliko kwenye mfumo hubeba jina la aliyelifanya.

Basi bosi akaniita, akageuza skrini yake kunielekea.

"Juzi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno, bosi. Si ulinipa ruhusa mwenyewe?"

"Huyu ni nani?"

Nikatoa macho. Jina langu hilo hapo! Tena siku nyingine lilikuwa limefanya kazi wakati mimi nipo kwenye kikao na bosi mwenyewe, tunatazamana.

"Kuna mtu anaingia kwa funguo zako," akasema. "Jumatatu nataka kujua ni nani. Nisipojua, nitajua ni wewe uliyempa."

Na kilichoniuma zaidi, ile kodi ilikuwa nzuri. Kuliko yangu, wallahi.

Nikarudi mezani, nikaanza kuwaangalia wenzangu kwa jicho la pembeni.

Ubaoni kwetu tulikuwa tumeandika vyeo vya utani. Anayekopi kodi ya watu mtandaoni bila kuisoma ni Kuruta. Anayekopi akaisoma ni Koplo. Anayekopi, akaisoma, halafu akaapa kwamba ameitunga mwenyewe, huyo ni Kapteni. Mimi nilikuwa Koplo. Dada tuliyemwita Mabano, kwa sababu hufunga mabano kabla ya kuandika kitu ndani yake, alikuwa Kapteni na wala hakuona haya.

Jenerali alikuwa mmoja tu. Mkubwa wetu kwa umri, kodi yake haina doa. Ofisini hatukuwahi kumwona akiiandika. Alisema makelele yetu yanamvuruga, akili yake inafunguka nyumbani. Asubuhi anakuja nayo imeiva, sisi tunapiga makofi.

Nilianza na Mabano.

"Wewe ndiye unayeingia kwa jina langu?"

"Kaka, una homa?" Akavuta kiti, akaisoma ile kodi. "Hebu ona. 'Samahani, mstari huu nimeuondoa, ulikuwa unamhesabu mgonjwa mara mbili.' Mtu anaiomba kompyuta samahani! Mimi na adabu hizo wapi na wapi?"

Hapo alisema kweli. Mabano anaitukana kompyuta tangu anaiwasha.

"Halafu angalia," akaendelea. "Kila akitaka kuhifadhi kitu kwa muda, anakiita kapu."

Kila mmoja ana lake. Mimi kitu cha muda nakiita x, kikifuata x2, halafu x2_mwisho, halafu x2_mwisho_kabisa. Mabano anaandika chochote kinachomjia kinywani. Kapu halikuwa letu.

Tukalitafuta neno kapu kwenye mfumo mzima. Lilijaa. Na kote lilikuwa kwenye kazi za Jenerali.

"Haiwezekani," nikasema. "Jenerali haandiki maelezo ndani ya kodi kama haya ya samahani. Anasema kodi nzuri inajieleza."

"Kwani kuyafuta kabla ya kutuletea ni kazi?"

Nikakumbuka Jenerali aliponunua kompyuta ya nyumbani, alikuja na flashi kuniomba zile rangi za skrini yangu. Rangi tu. Nikageuka kupokea simu, yeye akachukua. Kumbe alibeba folda nzima ya mipangilio kama ilivyo, na jina langu na funguo zangu humohumo, bila kusoma hata mstari!

Jumamosi mchana nikaenda kwake. Akafungua mkewe, mtoto mmoja kiunoni, mwingine ameng'ang'ania gauni.

"Karibu, shemeji. Mwenzako ameenda kunyoa."

Mezani, katikati ya sahani za watoto, kompyuta ilikuwa wazi. Mstari umeachwa nusu. Kapu. Na juu pembeni, jina langu.

"Shemeji, hii kodi nani anaiandika?"

Akanishangaa. "Mimi. Kwani hakuwaambia?"

Nikajikalisha.

Yeye na mumewe walisoma programu darasa moja. Walipozaliwa mapacha, mmoja ilibidi abaki nyumbani. Akaanza kumsaidia mumewe mara mojamoja, mwisho ikawa kazi yote ni yake.

"Zamani alikuwa anaibeba mwenyewe asubuhi," akasema. "Siku hizi anasema niitume moja kwa moja, yeye akiwa ofisini."

"Na jina langu?"

"Nilimuuliza. Nikamwambia weka langu. Akasema ofisi yenu inatumia jina moja tu kwa kazi zote."

Hasira zikanipanda, halafu nikamwonea huruma. Nikamweleza yote, na kwamba Jumatatu kazi ninayo au sina.

Jenerali akaingia, kichwa kinang'aa. Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. Akaelewa.

"Koplo, tuyamalize kiume," akasema, akininong'oneza kama vile mkewe hayupo. "Sema uliacha kompyuta wazi. Bosi anakupenda, utapewa onyo tu."

"Hakuna onyo. Unajua hakuna."

"Mimi nina watoto, ndugu yangu."

Shemeji alimtazama mumewe, akaifunga kompyuta, akaenda jikoni.

Jumatatu nimesimama mbele ya bosi, Jenerali kando yangu ameinamisha kichwa, sijui nianzie wapi bila kuvunja nyumba ya mtu. Mlango ukagongwa. Shemeji huyo, kompyuta mkononi.

"Aliyekuwa anaingia ni mimi," akasema. "Huyu kaka hakunipa funguo. Mume wangu ndiye aliyezibeba."

Akaketi, akaifungua, akamweleza bosi mfumo wote kipande kwa kipande. Bosi akauliza swali, akajibiwa. Akauliza gumu zaidi, akajibiwa na kosa letu la zamani akaonyeshwa.

Mkataba ni mkataba. Jenerali akakusanya vitu vyake kabla ya mchana. Mimi nikabaki, na nusura nilie mbele za watu.

Bosi akamgeukia shemeji. "Hospitali wakikubali, nataka uje ufanye kazi hapa. Sema masharti yako."

Nilijua atataja mshahara. Akanyoosha kidole kwenye skrini, kwenye jina langu.

"Kwanza hilo litoke. Na la mume wangu litoke. Liandikwe langu, kuanzia mwanzo."

Kazi hiyo nilipewa mimi. Shemeji akakaa pembeni yangu anasubiri. Nikaandika jina lake, nikabonyeza, likatokea juu ya ile kodi nzuri. Nikamtazama nikitegemea tabasamu.

Akasogea karibu na skrini, akasoma taratibu.

"Umekosea herufi," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimekula kwake miaka. Nimewabeba watoto wake. Nimemwita shemeji, shemeji, na sikuwahi hata siku moja kuuliza jina lake linaandikwaje.

Hapa silitaji, maana hakuniruhusu. Ila wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kuna mtu anakubeba na unamwita kwa undugu tu, leo muulize jina lake kamili. Muulize na herufi.