Nilivyokwenda Upareni Kuona Matanuri ya Chuma

Mama alinilea peke yake Iringa, akafariki mwaka jana baada ya kuugua wiki tatu. Katika wiki ya pili aliniambia jambo nililoacha kuliuliza tangu nikiwa darasa la tano: baba yangu alikuwa fundi mitambo, Mpare wa Same, aliyekuja kwetu enzi za kujenga barabara kuu. Kazi ilipokwisha alirudi kwao, kwa mkewe na mtoto. Aliitwa Elinihaki. "Ukitaka kumtafuta, mtafute," mama alisema. "Mimi sikutaka."

Nina miaka hamsini na moja, ni seremala, na mama hakuzaa mwingine. Baada ya msiba nilianza kuulizia. Mteja wangu mmoja mwenyeji wa Same alinipatia namba ya simu ya Nakijwa, binti wa marehemu Elinihaki. Ndiyo, marehemu. Nilimpata baba na kumpoteza katika simu moja.

Nakijwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njoo. Lakini ukifika Same usipande mlimani mpaka nikupigie."

Niliondoka Iringa alfajiri ya Jumatatu. Baada ya Segera milima ikaanza kutufuata upande wa kulia, kwanza ya Usambara, halafu ya Upare, mikavu chini na myeusi juu kwenye mawingu. Hedaru basi lilisimama na abiria wakanunua vitunguu vya kupeleka nyumbani kwao. Na mimi nilinunua fungu moja, kisha nikakaa nalo magotini nikijiuliza nampelekea nani.

Same tulifika jua likielekea kuzama. Ni mji mdogo wa upepo na vumbi, wenye mlima nyuma yake kama ukuta. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliniuliza nimekuja kwa shughuli gani, nikasema kutembea. Aliandika hivyo kwenye daftari lake.

Jumanne nilikaa na simu mkononi. Saa kumi Nakijwa akapiga. "Bado. Mama yangu hajisikii vizuri. Subiri keshokutwa."

Jumatano, kwa kuwa sikuweza tena kuitazama dari ya kile chumba, nilikodi gari la Hamisi, mfanyabiashara wa pale mjini anayepeleka wageni Mkomazi. Lango la hifadhi haliko mbali na mji. Tuliona twiga, pundamilia, na swala twiga waliosimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia majani. Karibu na bwawa la Dindira tulimkuta choroa mmoja, pembe zake ndefu zimenyooka, akitutazama bila kukimbia.

"Mwenzake yuko wapi?" niliuliza.

"Huyo ni dume," Hamisi alisema. "Wengine hukaa hivyo, peke yao." Akanigeukia. "Na wewe mzee, umekuja bila mtu? Watu huja huku na familia."

Nikamwambia familia yangu iko mlimani. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na niliona aibu, kana kwamba nimechukua kitu cha mtu.

Alhamisi asubuhi Nakijwa alinipigia nipande. Bodaboda ilinipandisha kwa kona zisizokwisha, chini tambarare ikizidi kupauka, juu migomba ikianza na hewa ikipoa. Kijiji sitakitaja. Alikuwa ananingoja njia panda, mwanamke mrefu aliyenizidi kama miaka minne, amejifunga kitenge. Hakunikumbatia. Alinitazama masikio.

"Una masikio ya baba," alisema. "Una kofia?"

"Ninayo."

"Ivae. Mama hajui kama upo. Nimemwambia kuna mgeni amekuja kuangalia matanuri ya zamani. Wageni wa hivyo huwa wanakuja. Nisamehe kaka, ana miaka themanini na sita."

Ningeweza kugeuka pale pale. Nilivaa kofia.

Tuliyaona kweli hayo matanuri. Yako kwenye mteremko nyuma ya shamba lao la tangawizi: duara za udongo ulioungua, vipande vya mabomba ya kupulizia moto, na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, mazito na meusi. Ukoo wa baba ulikuwa wa wahunzi. Waliyeyusha chuma hapa vizazi vingi kabla ya majembe ya dukani, Nakijwa alieleza, kwa sauti anayowaelezea wageni. Nilishika kipande kimoja. Nilitaka kuuliza kama naruhusiwa kukichukua, nikakirudisha chini.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameketi sebuleni, mdogo wa umbo, mwenye macho makali. Mimi nimelelewa na mama aliyenifundisha kutomwamkia mtu mzima nikiwa na kofia kichwani. Mkono uliivua kabla sijafikiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda mrefu. "Umeyaona matanuri?"

"Nimeyaona, mama."

Nakijwa alileta makande na chai ya tangawizi. Tulianza kula. Kisha yule bibi akaweka kikombe chini.

"Mama yako yu hai?"

"Alifariki mwaka jana."

"Pole sana." Akatazama mlango. "Baba yenu alikaa huko kwenye barabara miaka mitano bila kuleta hata salamu. Nilimngoja hapa hapa, na huyu mgongoni."

*Yenu.* Nakijwa aliinama, akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Nilipoinuka kuondoka bibi alinipa mkono wa kuaga, mkavu na mwepesi, akauacha mkononi mwangu kidogo.

Njia panda Nakijwa alisema, "Ameshajua. Sasa usirudi, tafadhali. Sitaki kumwona akilia tena kwa ajili ya mambo yale."

"Sitarudi," nilisema. Alinishika bega, mara moja tu, kisha akapanda kuelekea kwao.

Ijumaa nilirudi kwa basi nikiwa kiti cha dirishani. Nilikuwa nimeondoka na swali moja, kwa nini baba hakurudi kwetu, nikiamini kwamba sisi wawili wa Iringa ndio tulioachwa. Nimejifunza kwamba miaka ile tuliyokuwa naye, kuna mwanamke mwingine aliyekuwa anatazama mlango na mtoto mgongoni. Sikupata ndugu wa kumtembelea. Nilipata watu wa kuwahurumia, na hilo sikulitegemea.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kaburini kwa mama, begi bado begani, nikamsimulia yote mpaka mkono wa yule bibi. Hapakuwa na mwingine wa kumsimulia, ndiyo maana nimeandika.