Muhtasari wa Kikao cha Suluhu

Leo mwandiko wangu umesifiwa na mtu ambaye sasa yuko mahabusu.

Mkwe wetu kutoka Kihanga alileta dumu la rubisi, pombe ya ndizi, ili amrudishe mkewe, binti wa mdogo wangu, aliyemkimbia akiwa amevunjika mkono.

Ukoo ukakaa. Mwandishi wa kikao ni mimi.

Mkwe akaeleza: "Nilimpiga kwa mpini wa jembe. Si mke wangu? Andika, Mwalimu!"

Nikaandika, nikamsomea. Akasaini. Wazee wanne wakasaini kama mashahidi.

"Mwandiko safi huo!" akasema.

Binti akainuka. "Baba mkubwa, naomba karatasi hiyo. Dawati la jinsia, polisi, wameniomba ushahidi."

Nikampa, nikamsindikiza hadi polisi.

Sasa wazee wananilaumu kwa kuandika kila kitu.

Niambieni nanyi: ningeacha sentensi ipi?