Claudine na Mashine Iliyohama Kibondo

Siku ya kwanza Claudine Niyonsaba alipoingia dukani kwa Nurudini, pale Kasulu, hakuuliza bei. Hilo lilimtia Nurudini wasiwasi, kwa sababu mteja asiyeuliza bei ama ana fedha za kuchezea, ama ana hila. Alitaka boksi zima la disketi. Akalifungua palepale kaunta, akaziingiza moja moja kwenye kompyuta ya duka, akasikiliza zinavyokoroma, kisha akazitenga mafungu mawili.

"Hizi zimeota ukungu, patroni," alisema, akilisukuma fungu dogo. "Nalipia zile nzima. Hizi mbovu unanipa bure."

"Mbovu za nini tena, mama?"

"Wanafunzi wangu kule kambini hawajaona disketi hata siku moja. Watazipasua waone kuna nini ndani. Wewe utazifanyia nini? Utamuuzia mwenzako?"

Kumuuzia mwenzake ndiko hasa Nurudini alikokuwa amekusudia. Alizitoa bure, na kutwa nzima akawa anacheka kimoyomoyo. Tangu siku zile anauza chumvi na mafuta ya taa kwa kibaba, alikuwa hajapata kunyang'anywa mali kwa adabu namna ile.

Baadaye akamjua vizuri. Claudine alikuwa amefanya kazi chumba cha kompyuta cha benki moja kule Bujumbura, hadi vita ilipomtoa na kumtupa Mtabila, kwenye kambi, na sanduku moja na maneno mengi. Kasulu alikuja kwa kibali cha kutwa. Jua likianza kuinama, hata kama mmefika katikati ya bei, alikunja kitenge chake akaondoka. Nurudini alijifunza kuvuta mazungumzo hadi alasiri, akijua mteja mwenye haraka hukubali bei. Claudine naye alijifunza kuja asubuhi.

Ni enzi zile simu za mkononi hazijapanda milima hii. Mji uliamshwa na jenereta, kila duka na lake, na mtu mzoefu alijua kwa muungurumo tu nani amefungua na nani bado amelala.

Mwaka wa tisini na tisa, shirika lililokuwa likiwatafutia watoto jamaa zao waliopotezana nao vitani likaamua kuhamisha ofisi kutoka Kibondo kuja Kasulu. Nurudini akawahi kuomba mkataba. Akatoa jengo, jenereta na kompyuta mpya kutoka Dar es Salaam. Mkuu wa ofisi, Bwana Bazilio, mtu mwembamba asiyependa chai wala utani, akamwekea sharti moja: usajili wa watoto uwe unafanya kazi Kasulu siku ileile ofisi itakapofunguliwa. Ukilala, hakuna mkataba.

Na hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Programu ya usajili ilikuwa ya kizamani, haikukubali kompyuta za siku hizi. Mtaalamu aliyewahi kupita alikuwa ameifanyia ujanja: ndani ya kompyuta ya Kibondo aliweka kompyuta nyingine ya kuigiza, isiyo na bati wala waya, na programu ikadhani hiyo ndiyo mashine yake halali. Ile ya ndani waliiita mgeni, na ile inayoibeba wakaiita mwenyeji. Kompyuta mpya za Nurudini zilikuwa za ukoo mwingine. Nazo zilikuja na mwenyeji wao, lakini huyo hakujua kumlaza mgeni aliyezoea kitanda cha Kibondo.

Nurudini akaenda Mtabila mwenyewe, kwa baiskeli, na kilo mbili za sukari kwenye karia.

"Sukari nimepokea," Claudine alisema. "Sasa sema shida."

Akamweleza. Claudine akasikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida yake.

"Naweza. Ila fedha yako sitaki."

Nurudini akajua mambo yameharibika. Anayekataa fedha anataka kitu ghali zaidi.

"Nataka kuishi mjini," Claudine akasema. "Chumba kimoja, mlango unaofungwa, nifundishe kompyuta bila kutazama jua. Kibali kinahitaji raia wa kunidhamini. Wewe ni raia."

"Nikikudhamini halafu ukatoroka, nitakamatwa mimi."

"Nitorokee wapi, patroni? Nitoroke nikuache na disketi zako za ukungu?"

Wakabishana hadi maji ya chai yakakauka jikoni. Mwishowe Nurudini akakubali: kazi ikikamilika, atatia sahihi. Moyoni alijisemea kwamba kukamilika ni neno pana.

Kule Kibondo, walikopelekwa na gari la shirika kwa kibali cha safari, karani wa usajili, Tharsisi, aliwafungulia chumba. Claudine hakukimbilia kunakili. Kwanza alikaa akiondoa vitu ndani ya ile mashine ya kuigiza, kimoja baada ya kingine.

"Unabomoa?" Nurudini akauliza.

"Namvua mgeni nguo za nyumba hii. Hapa amefundishwa kutumia kioo cha hapa na waya za hapa. Akihama na mazoea hayo, kule atatafuta kioo kisichokuwepo, na hataamka."

Kisha akamzima, akamnakili mzima mzima kwenye diski ya kubebeka, akaifunga kwa kitenge kama mtoto anayeogopewa vumbi. Wakiwa mlangoni akamwambia Tharsisi, "Hii ya zamani usiifute, tukikwama kule tutairudia. Lakini ibaki imezimwa. Mtoto akija, mwandike kwenye karatasi. Umesikia?"

Tharsisi akaitika. Claudine alipotangulia garini, Nurudini akabaki nyuma kidogo. Yeye aliwahi kuhamisha duka kutoka Kibondo hadi Kasulu, na kilichomwokoa ni kuliacha la zamani wazi hadi jipya lipate wateja. Mfanyabiashara hafungi mlango mmoja kabla mwingine haujaingiza mtu. Ndivyo alivyojua kuhama, na kwa kuhama huko ameoa, amejenga.

"Iwashe," akamnong'oneza Tharsisi. "Endelea kusajili kama kawaida, mpaka nikwambie."

Kasulu kazi ikaenda. Claudine alimbadilisha mgeni umbo hadi mwenyeji mpya akamtambua, akamvika nguo za nyumba mpya, na asubuhi ya ufunguzi Bwana Bazilio akayaona majina ya watoto wake yote mahali pake. Mkataba ukasainiwa. Claudine akaja dukani na kalamu. Nurudini akasema wino wake umekwisha. Kesho yake alikuwa na wageni. Keshokutwa alikuwa safarini Kigoma, ingawa baiskeli yake ilionekana nyuma ya msikiti.

Halafu bibi mmoja wa Mtabila akaitwa kumpokea mjukuu wake. Mtoto akaletwa kwa gari kutoka Kibondo. Bibi akamtazama, akamzungusha, akasema, "Huyu si wetu. Lakini ana njaa," akampakulia maharage.

Bwana Bazilio akawaita wote wawili ofisini. "Namba moja, watoto wawili. Mama, hii ndiyo kazi yako? Na mtu kama huyu ndiye anayetaka kuishi mjini?"

Claudine akaomba kuongea na Kibondo kwa redio ya ofisi.

"Tharsisi, ile mashine ya zamani ikoje?"

"Inachapa kazi, mama. Kama nilivyoambiwa."

Redio ikakwaruza. Claudine akamgeukia Nurudini, akamwangalia kama alivyoziangalia zile disketi. Kisha akarudi kwenye redio.

"Izime sasa hivi. Na uniletee diski yake."

Akamweleza Bazilio kwamba mashine ni mbili na kila moja inajiona ndiyo yenyewe, kwa hiyo kila moja inatoa namba inayofuata bila kujua mwenzake ameshaitoa. Majina yapo yote. Atayaunganisha.

"Nani aliiacha ikiwaka?"

"Tuanze na watoto, Bwana Bazilio. Wa kumlaumu hatapotea."

Wakatoka nje. Nurudini ndiye aliyeanza.

"Ulibakiza swali moja tu: nani alimwambia Tharsisi aiwashe."

"Ningeliuliza, wewe ungekosa mkataba na mimi ningekosa mdhamini. Hasara mbili kwa swali moja. Hiyo ni biashara gani? Kalamu hii hapa."

Akatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Mjukuu wa kweli aliletwa, na yule mwingine naye akapatiwa kwao. Claudine alipata kibali chake na chumba chenye mlango, mtaa uleule wa Nurudini, upande wa pili. Akafundisha kompyuta, akachapa barua za watu, na wateja wa kuchapisha wakavuka barabara kumfuata mmoja mmoja. Nurudini alibaki na mkataba mpaka shirika lilipofunga virago, na akabaki na duka ambamo hakuna tena mtu wa kumbana bei hadi aone haya. Claudine aliporudi kwao, miaka mingi baadaye, alipita kuaga asubuhi, kama kawaida yake, na akaondoka na boksi la disketi ambazo dunia ilikuwa imeacha kuzitumia. Hakulipa.

Ile mashine ya Kibondo Nurudini aliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Ipo juu ya rafu, imezimwa. Anayeiulizia hutajiwa bei ambayo hakuna mtu Kasulu atakayeilipa.