Msomaji wa Filamu za Ijumaa

Nyumba ya bibi pale Sib imevunjwa. Nilijionea mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, niliporudi Maskati kwa harusi ya binamu yangu. Palipokuwa na ukuta mweupe na mlango wa chuma wa buluu sasa pana ghorofa mbili na duka la dawa chini. Binamu alikuwa ndani ya gari, kiyoyozi kinavuma, ana haraka zake. "Yallah, twende, unatafuta nini hapo?" Nikamwambia natafuta pale televisheni ilipokuwa. Akacheka, akadhani natania. Wallahi sikuwa natania. Kazi ninayoifanya leo, hii inayonilisha na inayomfanya mama abadilishe mazungumzo kila akiulizwa habari zangu, niliianzia pale.

Kazi yenyewe nakwambia mapema, tusije tukazungukana. Mimi ni mhakiki wa filamu. Naishi mbali, kwenye mji wa mvua, na filamu nazitazama kwa jicho la watu kama mimi, wanawake wanaopenda wanawake, na wanaume wanaopenda wanaume. Naangalia tumewekwa wapi, tumefichwa nyuma ya nani, na nani kaja na mkasi akatukata. Watu huniuliza nimesomea chuo gani. Chuo nimesoma, sikatai, lakini nilikwenda chuoni kazi nikiwa naijua.

Wewe uliyekulia kwetu miaka ile ya tisini utazikumbuka Ijumaa zilivyokuwa. Mji kimya, wanaume wametoka msikitini, wameshakula wali wao, wamejinyoosha. Sisi tulikuwa tukikaa Khuwair ya Kusini, kwenye fleti, na kila Ijumaa mama akitupakia garini kwenda Sib kwa bibi. Bibi alitoka Unguja na watoto wanne, na wenziwe waliotoka naye walikuwa wanakaa kwenye nyumba za serikali mtaa ule ule. Baada ya chakula cha mchana wakija mmoja mmoja, kila mtu na sahani yake imefunikwa: mkate wa kumimina, katlesi, vileja vinavyovunjika hata ukivitazama. Chumba kinajaa harufu ya udi na chai ya iliki, viatu vinarundikana mlangoni, na maneno ndiyo usiseme.

Halafu inawekwa kanda. Shangazi, ambaye hakuolewa na alikuwa akiishi na bibi, ndiye aliyekuwa akienda kuikodi kwa Mhindi mmoja karibu na soko, na yule Mhindi swali lake lilikuwa moja siku zote, ya kulia au ya kucheka? Filamu zilikuwa za Kihindi, na chini yake maandishi ya Kiarabu. Bibi na wenziwe wakiisoma Kurani kama maji, na Kiarabu chao cha sokoni kilitosha kumkoromea muuza samaki, lakini maandishi yale yakipita mbio, hawakuyadiriki. Ikabidi atafutwe mtoto wa kusoma. Nilipotimia miaka kumi, kazi ikawa yangu.

Nikikaa kwenye kigoda pembeni mwa televisheni, Kiarabu nakisoma kwa macho na Kiswahili kinatoka mdomoni, hapo hapo, bila kuchelewa. Nilikuwa shujaa na nilikuwa jambazi, nilikuwa mama mkwe na hakimu. Jirani wa bibi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ndiye aliyekuwa na machozi ya karibu kuliko wote, na nikimliza yeye najua leo nimesoma. "Mtoto huyu anasoma mpaka unayaona," akisema, na mimi kichwa kinavimba. Sijapata kukipenda kitu utotoni kama nilivyokipenda kile kigoda. Bibi alikuwa na sharti moja tu. "Soma kilichoandikwa," akiniambia. "Usitie chumvi."

Mlinzi wa adabu alikuwa shangazi. Kanga yake ikikaa mapajani, imekunjwa tayari. Mwanamume akimsogelea mwanamke kwenye picha, nyuso zikianza kukaribiana, kanga inaruka, inafunika televisheni nzima, na chumba kinalipuka. "We, mapema mno hiyo!" "Hee, hata hawajashikana!" Na hao hao wanainama kuchungulia huku wanasema astaghfirullah. Mimi niliyekaa pembeni nilikuwa nayaona yote kwa upande, ila sikumwambia mtu.

Na kanda zenyewe zilikuwa zimeshakatwa kabla ya kutufikia. Msichana amekaa kitandani, nywele amezifunga; kufumba na kufumbua yuko barabarani, nywele zimemwagika, analia. Wenziwe bibi wakisema kanda mbovu. Mimi nilitaka kujua mle katikati pametokea nini, na njia nzima ya kurudi Khuwair nalijaza lile pengo kichwani, kwa kuangalia kilichotangulia na kilichofuata.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu shangazi alipoleta filamu ya wanawake wawili. Mmoja mjane, mwengine wifi yake, na mume wa huyo wifi amesafiri siku nyingi. Wanaendesha duka la ushonaji. Wanashona, wanagombana, wanapatana, wanalishana achari kwa vidole, mmoja anamsuka mwenziwe. Kuna wimbo wa mvua ambamo wamejificha wote wawili chini ya shuka moja iliyoanikwa. Na ule muziki wa zumari ambao kwenye filamu zile hupigwa wapenzi wakionana, ukapigwa mjane alipomtazama wifi yake anaingia na ndoo ya maji. Nikageuka kumwangalia shangazi. Kanga iko pale pale mapajani, na yeye anakula kileja. Hakuna mwanamume, kwa hiyo hakuna la kufunika. Mume aliporudi safari na kumshika mkewe bega, bega tu, kanga ikaruka mpaka kwenye rafu ya vikombe.

Mwisho wale wawili wakapanda treni wakaondoka. Wenziwe bibi hawakuelewa. Mmoja akasema labda wanakwenda kwa wazee wao. Jirani akasema yule mke kachanganyikiwa. Na mimi, mdomo wangu haukuwa na breki, nikasema, "Shangazi, leo kanga umeikosea. Si kwa mume. Ilitakiwa kule kwenye shuka. Wale wanapendana."



"Wanapendana vipi?" jirani akauliza.

"Kama mtu na mpenzi wake."

"Hayo yameandikwa?"

"Hayakuandikwa. Yanaonekana."

"Lahaula! Nani anayekufundisha mambo haya?" Akawageukia wenziwe. "Na miaka mitatu hii anayotusomea, katupachikia mangapi ya kwake?"

Hapo ndipo aliponichoma. Kuitwa mjuaji nilizoea, lakini muongo? Sikuwahi kuongeza hata neno moja. Na kulikuwa na jengine ambalo nisingeweza kumwambia mtu chumbani mle. Wale wanawake walipopanda treni nilitaka kulia kwa furaha. Neno nililokuwa nikilijua la watu kama wao lilikuwa tusi, linasemwa kwa kunong'ona na kubetua midomo. Kumbe wapo, wanashona, wanakula achari, wanakata tiketi. Nilikuwa mtoto, jina la hali yangu sikuwa nalo, lakini nilijua kwamba anayewakana wale ananikana na mimi.

Mama akatupakia garini, tukarudi nyumbani. Kisha akanisimamisha jikoni. "Ijumaa utasimama mbele yao, utasema ulitunga na utaomba radhi. La sivyo kusoma khalas, umemaliza."

Ijumaa nikasimama. Nikajikaza kisabuni. Nikasema naomba radhi kama nimewakera. "Lakini sikutunga," nikasema. "Niliona."

"Sema ulitunga," jirani akasema, na mwisho wa sauti yake kulikuwa na huruma, maana alikuwa ananipenda. "Neno moja tu, mwanangu, tuendelee na filamu."

"Sikutunga."

Mama akanielekeza jikoni kwa kidole. Kigoda akapewa binamu, huyu huyu aliyenihimiza garini nikitafuta pale televisheni ilipokuwa. Maskini, hakukitaka. Alisoma kwa sauti moja kama anayetangaza vifo redioni, shujaa na jambazi wote sawa, na kila akikwama wanawake wanauliza, "Ee, kasema nini?" na yule ameshapita. Mimi nakaanga sambusa nazisikia sentensi zinavyokufa, na mikono inaniwasha. Ijumaa tatu zikaenda hivyo.

Baada ya Ijumaa ya tatu, Jumanne, shule zimefungwa, bibi akanitaka nije mchana peke yangu. Nilipoingia nikaikuta ile filamu kwenye video. Alikuwa amemtuma shangazi kuikodi tena. Rimoti akaishika mwenyewe.

"Kwanza nisomee kilichoandikwa," akasema. "Kisha nioneshe ulichokiona."

Nikamsomea. Nikamwonesha. Kila nikisema "hapa," anasimamisha picha, anavaa miwani, anasogea. Umejuaje? Kwa nini si udugu? Mbona dada na dada nao husukana? Hakunionea huruma hata kidogo, na mimi nikalazimika kujibu lililomo kwenye picha, si nilipendalo. Nikamwonesha zumari inapigwa kwa nani na kwa nani haipigwi. Nikamwonesha jinsi mke anavyomuaga mumewe bila kumtazama, na jinsi wale wawili wanavyopeana kitana bila kuombana, kama watu waliozoea chumba kimoja. Tulimaliza adhana ya alasiri inaadhiniwa. Bibi akazima.

"Yapo," akasema. "Nimeyaona. Na kwetu Unguja walikuwepo, nnawajua kwa nyumba zao. Tulikuwa tukiwapitia, tukinywa chai yao, hatuulizi." Akavua miwani akaifuta kwa upande wa leso yake. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Wale wanawake wa Ijumaa ndio niliobaki nao. Nikisema mtaa fulani, wao wanaujua. Nikisema mtu fulani, wanamkumbuka. Tangu siku ile wananitazama vyengine. Omba radhi kama wanavyotaka. Nifanyie mimi."

Bibi hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa akiamuru. Nililia mpaka nikapata kwikwi, nikamwambia ukweli: "Nikisema nilitunga, bibi, siku nyengine nikikusomea utajuaje kama nasoma kweli?"

Akaitoa kanda kwenye video. Halafu akasema, "Haya, nenda kanawe uso."

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimeshaingia jikoni nimewasha jiko. Nikasikia sauti yake sebuleni, anawaambia wageni, kwa upole kabisa, kwamba msomaji wa nyumba ile ni mmoja na hakusema uongo, yeye bibi ameyakagua mwenyewe. Atakayependa filamu atamsikiliza msomaji huyo. Jirani akasema, "Kwa mtoto, mama? Utatuacha kwa neno la mtoto?" Bibi akajibu, "Neno lenyewe ni la kweli, nifanyeje?" Nikasikia bangili zinagongana, mtu anainuka. Nilipotoka, jirani alikuwa mlangoni anatafuta viatu vyake, sahani yake ya mkate wa kumimina mkononi, mkate haujakatwa. Alikuwa analia. Wawili wakamfuata.

Nikakalia kigoda changu, nikasoma. Wiki ya pili wakaja wanne, kisha wawili, kisha madishi ya setilaiti yakaenea mapaani na kila mtu akabaki na televisheni yake. Usiniambie wangeachana hata hivyo kwa ajili ya dishi. Nimejaribu kujiambia hivyo, haiingii. Bibi na jirani wakawa wa harusini na matangani tu, salamu, habari za watoto, basi. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Mimi na bibi tuliendelea, miaka yote mpaka nilipoondoka kwenda kusoma, na kila filamu alinisimamisha pale pale: umejuaje? Lakini nilikuwa nikimwona saa ile ya mchana wa Ijumaa anavyotega sikio kuelekea mlangoni.

Jirani alifariki kwanza, bibi akafuata mwaka wa pili yake. Mama aliniambia kwa simu kwamba bibi alikwenda kuosha maiti ya mwenziwe, alishikiliwa mkono huku na huku, na hakumwachia mtu mwengine amfunge sanda. Zile filamu sizioni tena popote, na wanaolikumbuka lile zogo la sebuleni hawafiki wanne. Mama hunisihi mpaka leo: huwezi kuandika juu ya filamu nyengine, za kawaida, watu wasikujue? Binamu aliniuliza hilo hilo garini, tukiiacha Sib, kwa nia njema. Kwani lazima uliseme lile, si kila mwenye macho ataliona mwenyewe?

Sikumjibu, maana jibu lake ni refu kuliko njia ya Khuwair. Nakujibu wewe. Zile Ijumaa sikunyang'anywa na mtu, nilizivunja mimi, kwa kukataa kutamka neno moja la uongo, na aliyelipa hakuwa mimi. Alilipa bibi, kikongwe, kwa wenziwe wa mwisho waliokuwa wakiujua mtaa aliozaliwa. Leo ningesimama tena mbele ya wanawake wale, nikijua yote hayo, na ningejibu vile vile. Ndiyo maana, nikiketi kuandika nilichokiona, siandiki nusu.