Koinet na Gari la Kuja kwa Meli

Koinet hakuwahi kukipenda kitu kilichotengenezwa Kenya, na angekuambia hivyo hata kama hujamwuliza. Viatu vyake vilikuwa vya Italia, au ndivyo alivyoambiwa na aliyemwuzia. Sabuni ilitoka Dubai. Maji tu ndiyo aliyokunywa ya hapa Kitengela, na hayo nayo aliyanywa akinung'unika. Mtu mwenyewe, tuseme ukweli, ni mtoto wa mfugaji aliyerithi machimbo ya mawe, akayakodisha, na tangu siku hiyo hajainua kitu kizito kuliko simu.

Basi akaagiza gari la umeme kutoka China. Lilikuwa zuri, sikatai. Ila maandishi yote kwenye kioo cha mbele ya usukani yalikuwa ya Kichina, na Koinet, badala ya kutafuta mtu wa kumbadilishia lugha, alisema hiyo ndiyo alama ya orijino. Alilichaji kwa waya uliokuja nalo, waya ambao hakuruhusu mtu yeyote aushike. Ulikaa umefungwa ukutani kwake kama picha ya harusi.

Ndipo Simel akaja kumposa Naisula, binti wa marehemu mdogo wake Koinet, aliyeishi na mamake kwenye boma hilohilo la Kitengela. Simel ni kijana wa Ewuaso Kedong, na alikuwa na kigari cha umeme kilichoundwa papa hapa nchini, cha kupeleka maziwa Ngong. Koinet alikizunguka, akakigonga ubavuni kwa kidole kimoja.

"Hii ni sufuria," akasema. "Umeiwekea tu magurudumu."

"Ni sufuria lakini inafika, baba," Simel akajibu kwa heshima.

Naisula alitaka kuondoka kwao na hicho kigari cha mumewe. Koinet akakataa katakata. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa babake, na bila neno lake hapangekuwa na harusi. Binti angetoka kwa gari la maana au asitoke kabisa. Mtu mwingine angeona haya kumtishia yatima siku yake ya furaha, lakini haya ni kitu ambacho Koinet hakuagiza.

Sasa, bibi harusi wa Kimaasai akishavuka lango la boma lao, haangalii nyuma wala harudi, hata akiwa amesahau nini. Akigeuka, ameiharibu ndoa kabla haijaanza, na hilo Naisula alilichukua kwa uzito wote. Wazee walimnyunyizia maziwa kwa nyasi, mamake akalia, naye akaingia kwenye gari la Koinet akiwa amekaza macho mbele. Simel aliambiwa afuate nyuma. "Na ukae mbali," Koinet akasisitiza. "Sitaki hiyo kitu kwa picha zangu."

Kumbe usiku wa kuamkia harusi wapiga muziki walikuwa wamechomoa waya wa gari ili spika zao zipate umeme. Gari lenyewe lilijaribu kumwambia. Tangu wanatoka, kioo kilikuwa kimejaa maandishi, na walipokata kona ya Isinya kikageuka chekundu chote.

"Umeona?" Koinet akamwambia Naisula, kifua kimemjaa. "Hata Wachina wanajua rangi yetu. Gari limekuvalia shuka."

Nyekundu ilizidi kuwaka, Koinet akazidi kufurahi, mpaka kwenye mwinuko wa kuingia Kiserian gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama. Akapiga simu kwa aliyemwuzia gari. Simu imezimwa. Wanaume wa msafara wakalisukuma mpaka kwenye kituo cha mafuta chenye mashine ya kuchaji, bibi harusi akiwa ndani, na Koinet akisukuma pia na viatu vyake vya Italia. Watu wa bodaboda waliacha abiria wao waje kutazama.

Mdomo wa mashine haukuingia kwenye gari. Koinet akaugeuza, akausukuma kwa nguvu, akaugeuza tena.

"Mzee, utaivunja," akasema Phylis, dada wa pale kituoni. "Hii inaingia gari za hapa. Yako inataka waya yake."

Waya wake uko ukutani, Kitengela. Na hapo ndipo Koinet alipojionyesha alivyo. Angeweza kuomba msamaha. Angeweza hata kunyamaza, kitu ambacho hakimgharimu mtu. Yeye akapangusa jasho, akatangaza mbele ya watu wote, "Tutavutwa mpaka nyumbani, tuchaji vizuri, halafu tutoke tena. Siwezi kubeba bibi harusi na sufuria."

Hata wale wa bodaboda waliacha kucheka. Wazee wa msafara walitazama chini, na mmoja akatema mate pembeni. Mtu mzima, Mmaasai, yuko tayari kumrudisha bibi harusi kwa mamake ili gari lake lisiaibike.

Simel aliingia kwenye kigari chake kilichokuwa nyuma, akalipita lile la China, akasimama mbele yake, mahali ambapo mkewe angefika bila kugeuza shingo. Naisula akafungua mlango, akashuka, akaanza kutembea polepole huku shanga zikilia.

"Naisula," Koinet akaita nyuma yake. "Mimi ndiye babako sasa. Niangalie nikikuongelesha."

Naisula akapanda kigari cha maziwa, akakaa, akapanga shuka yake magotini. Macho yake yalikuwa kwenye barabara ya Ngong.

"Wewe rudi tu, baba," akasema. "Wewe hakuna mtu amekukataza."