Manju Aliyeingia Mtoni Kinyumenyume

Wasomaji wangu, habari imenifikia kutoka Bariadi kwamba yule manju wa ngoma, aliyekuwa na sauti ya kutikisa mabati, ametutoka. Nimelia, kisha nikacheka hadi mke wangu akanitazama kwa mashaka. Mnisamehe, huwezi kumkumbuka mzee yule ukabaki umenuna.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kijijini kwake. Kiangazi kimoja, pamba imekwisha kuvunwa na mashindano ya ngoma yanakaribia, tuliamka tukakuta mto umejaa povu jeupe na samaki wanaelea matumbo juu. Mtamba wake mmoja alikunywa, akafa. Ng'ombe kumi na mmoja waliobaki hawakuwa na maji mengine. Manju hakujiuliza mara mbili: wapinzani wake, kundi la ng'ambo, wamemwaga dawa mtoni ili ashindwe. Akawapaka wachezaji wake majivu usoni, akawaamuru waingie mtoni kinyumenyume kuutengua uchawi. Asichojua ni kwamba wale wa ng'ambo nao walimshuku yeye, na kinga yao ilikuwa hiyohiyo. Wakakutana katikati, makalio kwa makalio, puu! Mara miguu ikaanza kuwawasha, wakarukaruka na kupiga mayowe, nasi watazamaji tukashangilia tukidhani ni mtindo mpya.

"Bhabha, na ninyi mnawashwa?" manju alimuuliza kiongozi wa wapinzani.

"Tunaungua! Sasa nani kamloga nani?"

Manju akamtazama, kisha akasema kwa sauti ileile ya mabati, "Nilikosea. Nisamehe." Wakafuata povu pamoja, majivu yao usoni, hadi kwenye bomba la kiwanda cha sabuni, ambako mapipa ya magadi makali yalikuwa yamepasuka. Meneja akatoka, kalamu mbili mfukoni.

"Ndugu wananchi, maji haya ni salama kabisa."

"Vizuri, ndugu meneja," manju akamjibu. "Vua viatu basi, uje ucheze nasi mtoni."

Meneja hakuvua. Makundi yote mawili yakapiga ngoma langoni kwake siku tatu mfululizo, hadi bomba likazibwa na lori la kiwanda likaanza kuwaletea mifugo maji safi.

Siku hizi nikisikia majirani wanatuhumiana kwa shida iliyowapata wote, namkumbuka. Kukosea alikosea, tena kwa mbwembwe. Lakini ng'ombe kumi na mmoja walipona kwa sababu hakuona haya kukiri kosa mbele ya mpinzani wake. Wengi wetu tungelinda heshima, tukazika zizi zima.