Mvua Juu ya Bati Tupu

Mama alikuja kuishi nami Kagondo, Bukoba, baada ya baba kufariki. Nyumba yangu ilikuwa imekamilika kwa macho ya wapita njia, lakini ndani haikuwa na dari. Ukiinua kichwa unaona mbao za kenchi, na juu yake mabati. Mchana wa jua joto la mabati lilitushukia mpaka mama akahamishia mkeka wake migombani. Mvua ikinyesha, na Bukoba mvua hainyeshi kwa adabu, tuliongea kwa ishara.

Alasiri moja nilikuwa sebuleni nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Mvua ilipiga karibu saa nzima. Ilipokatika nikaenda chumba cha nyuma kumuuliza mama kama anataka chai, nikamkuta sakafuni, ameegemea kitanda, mkono wa kushoto ameupakata kifuani. Alikuwa ameteleza kwenye maji yaliyopita chini ya mlango.

“Nilikuita,” alisema. “Nilikuita mpaka nikaacha.”

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Hospitalini walimfunga plasta, akarudi nyumbani akiwa mtulivu kuliko mimi. Tangu siku hiyo, wingu likijikusanya tu upande wa ziwa, niliweka kalamu chini. Niliingia chumbani kwake mara tatu, mara nne. Akaniambia namchungulia kama maziwa yaliyo motoni.

Nikaanza kutafuta dari. Kaka yangu alisema plaiwudi inatosha. Jirani alinionya kwamba dari ni kuwafugia popo. Dukani nikaonyeshwa mbao nyeupe za povu, nyepesi kama mkate, nikazipenda. Nilichukua kipande nikampelekea fundi, mzee wa mjini aliyeezeka nyumba nyingi za mtaa wake na msikiti mmoja. Alikiwasha kwa kiberiti. Kiliyeyuka kikidondosha matone ya moto. Akakizima kwa kiatu.

Kisha akaniuliza ninachotaka kuzuia ni joto au kelele. Nikajibu vyote viwili. Akanieleza kwamba karatasi ya kung'aa chini ya bati hurudisha joto, ila mvua haiiogopi. Kwa kelele alishauri blanketi nene la sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo, lilazwe juu ya dari ya jipsamu, na pembeni mwa paa yaachwe matundu ya hewa yenye wavu, popo wasipite na unyevu usikae. Nilitaka kumwamini, lakini moyo haukutulia. Akanielekeza kwa mjane mmoja wa Kagoma, kule Muleba, mkulima wa kahawa, ambaye fundi huyo alikuwa amemwekea dari kama hiyo sebuleni.

Nilikwenda Jumamosi, jua likawaka kutwa. Nikarudi Jumamosi iliyofuata. Mjane alicheka kuniona, akaniambia hajawahi kupata mgeni anayeombea mvua. Ilikuja saa nane. Alikuwa akinisimulia ubatizo wa mjukuu wake kwa sauti yake ile ile ya chini, na sikupoteza hata neno. Tulipoingia jikoni, ambako hakuna dari, niliona midomo yake ikicheza tu. Nikarudi Bukoba nimeshaamua.

Kazi ilichukua wiki. Mafundi walivaa glavu na barakoa, maana ile sufi inawasha, na mama akahamia kwa jirani akilalamika kwamba huko wanapika ndizi zikiwa ngumu.

Mvua ya kwanza kubwa ilitukuta yeye chumbani, mimi sebuleni. Kelele haikuisha, ilikuwa kama mvua ya nyumba ya pili. Nikapaza sauti nikimwomba aniite, nijaribu kama nitamsikia.

“Nikuite kwa nini?” akajibu. “Sijaanguka.”

Nilimsikia vizuri kabisa, na machozi yakanitoka juu ya daftari la mtoto wa watu.

Siku hizi mchana anapumzika ndani. Mkono umepona, ingawa hauinui sufuria nzito. Mvua ya mawe bado inatushinda. Juzi ilinyesha ya kawaida, nami nikajikuta natembea huku na huko sebuleni.

“Kaa chini,” mama alisema kutoka chumbani. “Nasikia unavyotembea.”

Nikakaa. Baada ya muda mfupi nikainuka tena, nikapita mlangoni kwake nikijifanya nafuata maji ya kunywa.